Ukanda wa Ngozi kwenye Pedeli ya Breki

Taa za breki ni taa ambazo dereva mwenyewe hazioni. Za mbele anaziona zikimulika njia, lakini zile za nyuma humwakia mtu mwingine. Ukitaka kujua kama zinawaka lazima uwe na mwenzako, mmoja akanyage pedeli na mwingine asimame nyuma atazame. Mwenzangu mimi alikuwa kaka yangu, na haya ninayoyaandika ni ya kwake zaidi kuliko ya gari.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda ulikuwa bado unachimbwa na reli ya kuja kwetu ilikuwa bado mpya. Nilikuwa nimerudi kutoka Tabora nikiwa nimesoma sekondari. Kwetu Mamba, katika nchi ya Mpimbwe, watu walitegemea niwe karani. Mimi nikataka udereva, kwa sababu dereva wakati ule alikuwa mtu ambaye watoto walisimama barabarani kumtazama, na kwa sababu nilipenda injini. Tajiri mmoja wa mjini, mwenye duka, alinipa pikapu yake niwe nachukua mpunga Mpimbwe na kuuleta stesheni. Ilikuwa pikapu ya kabla ya vita, imeshapita mikono mingi, na kila mkono uliopita uliacha kiraka chake.

Siku moja ikarudishwa kutoka kwenye ukaguzi bomani. Taa za breki hazikuwaka. Tajiri akaniambia niitengeneze mwenyewe, maana si nilikuwa nimesoma umeme.

Ni kweli nilisoma umeme. Darasani tulichora betri upande mmoja, taa upande wa pili, na mstari wa kwenda na kurudi. Nilijua kwamba taa isipowaka, basi mahali fulani katika mzunguko ule pamekatika, na kazi ni kupatafuta kipande kwa kipande. Nikaanza na balbu. Nikazitoa, nikazigusisha moja kwa moja kwenye betri, zikawaka. Kwa hiyo balbu nzima. Nikaangalia vikombe vyake, vilikuwa na kutu ya kijani, nikavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa. Bado. Nikafuata waya kuelekea mbele, na nyuma ya kiti nikakuta panya wameutafuna. Gari la mpunga huwa na panya wake. Waya ule ulikuwa unapita kwenye swichi ya ufunguo na kujificha ndani ya dashibodi, mahali ambapo mkono hauingii. Nikaona nisihangaike. Nikaweka waya mpya kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye swichi ya breki, chini ya gari, bila kuupitisha kwenye ufunguo. Nililiona hilo kuwa jambo la akili. Lilikuwa la uvivu.

Ikabaki swichi yenyewe. Ilikuwa kidude kidogo kilichofungwa kwenye chesi, fremu ya chuma chini ya gari, na springi nyembamba ilikiunganisha na mkono wa pedeli. Ukikanyaga, pedeli inavuta springi, springi inavuta swichi, taa zinawaka. Ukiachia, swichi inarudi, taa zinazimika. Springi ilikuwa imekatika na mjini haikupatikana ya namna ile.

Siku hiyo kaka yangu alikuwa amekuja kutoka Mamba kuuza asali na nta. Alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa imetawanyika katika misitu yote ya upande wetu, na kila mzinga aliujua kwa jina la mti wake na tabia ya nyuki wake. Alikuwa amenizidi miaka mingi. Baba yetu alipofariki ni yeye aliyenisomesha kwa asali ile. Aliketi kando akinitazama ninavyolala chini ya gari, kisha akafungua mkoba wake akatoa ukanda wa ngozi mbichi, ule anaofungia mizinga juu ya miti.

"Funga na huu," akasema. "Huu hauna habari ya kukatika."

Nikaufunga. Yaani aliufunga yeye, maana fundo lake lilikuwa zuri kuliko langu. Aliingiza mikono yake mirefu chini ya pedeli akaukaza kwa fundo la warina asali. Kisha akapanda kwenye kiti cha dereva, mimi nikaenda nyuma.

"Kanyaga, kaka."

"Nimekanyaga."

"Kanyaga sana, si kama unakanyaga yai."

"Nikizidisha hapa mguu utatokea chini. Zimewaka?"

"Bado."

"Basi huko Tabora walikufundisha kuzima tu."

Nikarudi chini, nikasogeza swichi nyuma kidogo kwenye chesi ili ukanda uvute mapema. Nikaenda nyuma tena.

"Zimewaka?"

"Zimewaka."

Alikanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, na kila mara akauliza, "Zimewaka?" na mimi nikajibu. Alicheka kama mtoto, kwa sababu alikuwa anawasha kitu asichokiona na kulazimika kuniamini mimi. Aliposhuka akashika kichwa, akasema jua la mjini linamuuma. Sikulifikiria. Mrina asali anayelalamikia jua, na mimi sikulifikiria.

Gari likapita ukaguzi.

Baada ya hapo likaanza ugonjwa mwingine. Asubuhi liliwaka vizuri. Lakini nikiliegesha mchana Mamba kupakia mpunga, nikirudi jioni stata ilikohoa mara moja ikanyamaza. Nikatumia hendeli ya mbele ya gari, nikazungusha injini mpaka viganja vikatoka malengelenge, na siku nyingine hata hendeli haikusaidia, tukasukuma. Nikasema betri imezeeka. Nikaipeleka karakana ya mgodi wakaichaji, baada ya siku mbili tatu likawa lile lile. Nikasema ni dainamo, ile inayochaji betri. Nikaifungua, nikasafisha brashi zake za kaboni, nikairudisha. Niliziangalia taa za breki pia, sitaki nionekane mpumbavu kuliko nilivyokuwa. Niliziangalia asubuhi, kabla ya safari, umande ukiwa bado juu ya boneti. Zilikuwa zimezimika kama zinavyotakiwa.

Sasa lazima nieleze kizuizi cha mbung'o. Barabara ya kutoka Mpimbwe kuja Mpanda ilipita katika msitu wenye mbung'o wengi, na mahali inapotoka msituni palikuwa na banda refu la miti lililokandikwa udongo, lenye milango miwili mikubwa, wa kuingilia na wa kutokea. Gari likiingia, dereva anazima injini, milango inafungwa, na ndani panakuwa giza la kaburi hata kama nje ni saa sita mchana. Tundu moja tu liliachwa ukutani, limewekewa wavu, ili mbung'o waliojibandika kwenye gari waruke kuelekea mwangani wanaswe. Tuliwekewa banda hilo kwa ajili ya malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, ambao ulikuwa umeshahamisha vijiji vizima.

Askari wa banda hilo alikuwa Mnyamwezi, mtu mzima mwenye meno yaliyoachana, na sisi Wapimbwe tulikuwa watani wake. Asiyezaliwa kwetu huenda asielewe uzito wa jambo hilo. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mama mkwe wako na huruhusiwi kukasirika. Na hasemi neno lililonyooka. Mara moja aliwahi kunipa pole kwamba mke wangu ameolewa na mwanamume mwingine, nami nilikuwa sijaoa. Ukianza kuamini anayosema, utani umekwisha.

Siku moja, gari likiwa na ugonjwa wake, nilikuwa nimekaa gizani ndani yake, magunia yameziba dirisha la nyuma, nikingoja mbung'o watoke. Yeye alikuwa nyuma, akipigapiga chini ya gari kwa fimbo.

"Mpimbwe," akasema, "leo gari lako limekula nini?"

"Mpunga. Chakula cha watu wanaojua kulima."

"Basi limevimbiwa. Matako yake mekundu kama ya nyani."

"Wasalimie hao nyani, ni shemeji zako."

"Nakwambia kweli, mtani. Yanawaka."

"Sogea uote, naona hukuleta blanketi."

Tukacheka wote wawili. Akafungua mlango wa mbele, jua likaingia, nikazungusha hendeli nikaondoka. Na safari iliyofuata akayasema tena yale ya nyani, na mimi nikampa jibu jingine, bora kuliko la kwanza. Nakumbuka niliridhika nalo njiani.

Zikapita wiki kadhaa. Nikafika Mamba kuchukua mpunga, shemeji yangu, mke wa kaka, akanipokea barabarani badala ya nyumbani. Akaniambia mwenzake analala. Nikasema alale, amechoka. Akasema hapana, analala na tonge mkononi.

Nilimkuta ameegemea ukuta. Alikuwa amekonda, shingoni nyuma amevimba mitoki, na macho yalikuwa yakijifunga huku anajaribu kunisalimia. Mganga wa zahanati alimshika shingo, akamwambia anyooshe mikono, akaitazama inavyotetemeka. Akaniita nje.

"Hii ni malale," akasema. "Dawa yake hapa hatuna na Mpanda hawana. Mpeleke Tabora. Treni inaondoka keshokutwa asubuhi. Usiikose hiyo ukasema utapanda nyingine. Huu ugonjwa ukishaingia kichwani, anayerudi si yule aliyekwenda."

Nilikuwa na muda wa kutosha. Hilo naliandika wazi ili asije mtu akanisaidia kwa huruma. Tungeondoka kesho yake asubuhi, jioni tungekuwa Mpanda, tungelala mjini, na asubuhi tungekuwa stesheni kabla ya treni.

Kulipokucha tukaacha mpunga. Tulimlaza nyuma juu ya magunia matupu, shemeji akakaa naye akimkinga jua kwa kanga. Tulivuka kijito kimoja ambacho maji yalifika kwenye ekseli, na nilifurahi kwa sababu injini haikuzimika. Mbele kidogo, katikati ya msitu, tairi la nyuma likapasuka.

Nikazima injini. Nikatoa tyubu, nikabandika kiraka, nikajaza upepo. Kiraka kikaachia. Jua lilikuwa kali, gundi haikushika. Nikasogea kivulini nikaanza upya, na shemeji akawasha moto akakoroga uji wa kaka. Mbung'o walitujia kwa makundi. Alikuwa akiwafukuza usoni pa mumewe kwa tawi la majani, na nikawaza ni bure, wameshamaliza kazi yao. Kiraka cha pili kikaachia nacho. Cha tatu kilishika, lakini jua lilikuwa limeshapinda.

Nikavuta stata. Kimya. Hata kile kikohozi kimoja hakikutoka.

Nikachukua hendeli. Nikazungusha mpaka jasho likaniingia machoni. Nikatoa plagi moja, nikailaza juu ya injini, nikamwambia shemeji azungushe huku nikitazama. Hakuna cheche. Nikafungua vichwa vya betri, nikavisugua kwa kisu, nikavikaza. Hakuna. Nikafungua dainamo, pale pale porini, nikitandaza skrubu juu ya shati langu. Skrubu moja ikaanguka mchangani, nikaitafuta nikiwa nimepiga magoti. Nilikuwa nikizungumza peke yangu, nikiuchora mzunguko ule wa darasani hewani kwa kidole. Betri, waya, swichi, taa. Betri, waya, dainamo.

"Shemeji," akaniita mke wa kaka, "anakuuliza."

Nikaenda nyuma. Kaka alikuwa amefungua macho.

"Tumefika?" akauliza.

"Karibu."

"Mbona hatuendi?"

"Gari linapumzika."

"Na mimi," akasema, akafumba macho tena.

Nilipokuwa nimesimama pale nyuma nikajishika kwenye taa ya breki nikiinama kumtazama. Kioo kilikuwa cha moto kwenye kiganja changu. Kilikuwa upande wa kivulini. Nikasema moyoni, ni jua. Nikaenda zangu kuendelea na dainamo. Kwa miaka mingi nimelirudia jambo hili moja. Dainamo haikuwa na kosa, betri haikuwa na kosa, na ukweli niliushika kwa mkono nikaupa jina la jua.

Hakuna gari lililopita. Tulilala pale, na sitaeleza usiku ule. Alfajiri kila kitu kilikuwa kimelowa umande. Nilishika hendeli bila matumaini, kwa sababu tu sikuwa na kitu kingine cha kushika, nikazungusha, na injini ikawaka. Shemeji akapiga magoti akasali. Mimi nikasema amina na kuondoka bila kujiuliza kwa nini betri iliyokufa jioni imefufuka asubuhi. Aliyesoma umeme angejiuliza.

Niliendesha kwa namna ambayo mgonjwa hapaswi kuendeshwa. Tukafika kizuizini jua limeshapanda na kukausha kila kitu. Nilimwomba yule Mnyamwezi atuache tupite.

"Siwezi, mtani," akasema. "Na wewe ukiwa umeleta huyu, unajua vizuri kwa nini siwezi."

Akachungulia nyuma akamwona kaka, ambaye alimfahamu, kwa sababu kila msimu alipita na asali.

"Huyu amelewa asali ya kwangu," akasema. "Nilijua kuna anayeninywea."

Shemeji akacheka. Ndiyo mara yake ya kwanza kucheka tangu tutoke Mamba, na alicheka huku machozi yanamtoka.

Tukaingia. Nikazima injini, milango ikafungwa, giza likatushika. Nilikuwa nimeshuka safari hii, nimesimama kando ya kaka, nimemshika mkono. Na pale nikaona kwamba ninaiona mikono yetu. Iliangazwa na wekundu hafifu. Mlango tulioingilia ulikuwa mwekundu, na uso wa mtani wangu aliyesimama nyuma ya gari ulikuwa mwekundu pia.

"Si nilikwambia," akasema. "Nyani."

Hakuna mtu aliyekuwa kwenye pedeli. Taa za breki zilikuwa zinawaka zenyewe.

Sikuhitaji kufungua kitu. Nilijua yote kwa mara moja, na nilijua kutoka utotoni, si kutoka Tabora. Kila mtoto wa kwetu ameona ngozi mbichi ikianikwa. Ikilowa inalegea. Ikikauka inajikunja, inafupika, inakaza mpaka unaweza kuipiga kama ngoma. Ndiyo maana warina asali hufunga mizinga kwa ngozi iliyolowa, ili ikikauka ibane. Ukanda wetu ulilegea kwa umande wa usiku na asubuhi, taa zikazimika na betri ikapata pumzi kidogo, na hizo ndizo saa ambazo mimi nilikuwa nikikagua. Ulikauka kwa jua la mchana, ukafupika, ukaivuta swichi bila mguu wa mtu, nami nilikuwa nimeisogeza nyuma mno. Na kwa kuwa nilikuwa nimeupeleka waya moja kwa moja kwenye betri, kuzima ufunguo hakukusaidia kitu. Kila nilipoegesha, taa mbili zilikuwa zikinyonya betri juani, mahali ambapo hakuna jicho lililoweza kuziona kupitia vioo vilivyojaa vumbi. Palikuwa na mahali pamoja tu penye giza mchana, na mtu mmoja tu aliyesimama nyuma ya gari pale, na huyo alikuwa mtani wangu.

Nililala chini ya gari nikaukata ule ukanda kwa kisu. Fundo lilibaki kwenye mkono wa pedeli. Lilikuwa limekaza, sikuweza kulifungua.

"Kwa nini hukuniambia sawasawa?" nikamuuliza mtani nilipotoka.

"Nilikwambia," akasema. "Mimi nilidhani ndivyo linavyotakiwa liwe. Nilikuwa nacheka tu."

Stata ilikuwa imekufa tena, hendeli vilevile. Mtani akawaita wenzake na watu waliokuwa wakilima karibu, wakatusukuma kwenye mchanga, wakapumzika, wakatusukuma tena mpaka penye mteremko. Injini ikashika. Alikimbia kando ya gari kidogo huku ameshika ubao, akimwambia kaka asimsahau na debe lake la asali.

Tulipopita Misunkumilo, karibu kuingia mjini, shemeji alinigonga bega kupitia dirisha la nyuma, akanionyesha moshi. Ulikuwa juu ya miti, upande wa reli. Nikamwambia ni moshi wa mgodi. Niliendelea kuliendesha gari lile kwa kasi ile ile hadi stesheni, kana kwamba nikifika haraka moshi utarudi. Mpagazi alikuwa anafagia maganda ya karanga.

"Imeondoka sasa hivi," akasema. "Nyie mlikuwa wapi?"

Tulingojea treni nyingine Nsemulwa, pale pale Mpanda, kwa ndugu wa shemeji. Sikuwa na gari la kutengeneza wala barabara ya kukimbiza, kazi yangu ilikuwa kumtazama. Siku ya kwanza alikula. Baadaye akawa anamwita mkewe kwa jina la mama yetu. Akaanza kuchukia kuguswa. Asubuhi moja alinitazama kwa adabu sana, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye nyumba, akanishukuru kwa kumkaribisha.

Hiyo asubuhi nilimwambia shemeji yote, juu ya waya, swichi na ukanda. Sikuacha hata yale ya nyani. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Unataka nikujibu nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi kula. Ukianguka na wewe, nani atatufikisha?"

Hakulizungumza tena maisha yake yote, na mimi sikuthubutu kumuuliza kama amesamehe au amenyamaza tu.

Tabora walimchoma sindano zile kali zinazounguza mishipa. Daktari aliniambia ugonjwa ulikuwa umeshaingia kichwani.

"Uliingia lini?" nikamuuliza.

"Hakuna ajuaye. Labda wiki hii. Labda kabla hujaenda kumchukua."

Alidhani ananipa faraja. Nimekuwa mzee na hiyo "labda". Kama angeniambia ni zile siku za Nsemulwa, ningejua uzito wa mzigo wangu. Kama angeniambia ni zamani, ningeutua.

Kaka hakufa. Alirudi Mamba akiwa amenenepa kidogo, anatembea, anakula, anacheka. Lakini alisimama chini ya miti yake akaitazama kama miti ya watu. Mizinga ile ilirinwa na wengine, mingine ikaoza juu. Kitu kimoja tu kilibaki kichwani mwake. Kila nilipofika na pikapu, ambayo sasa ilikuwa na springi halisi, alitoka nje, akapanda kwenye kiti cha dereva, akakanyaga.

"Zimewaka?" aliuliza.

Nami niliacha kila kitu nikaenda nyuma kusimama. "Zimewaka."

Angeweza kuuliza hivyo mpaka chakula kikapoa, na hilo nililisimulia hata kizuizini. Hata siku ambazo betri ilikuwa imetolewa nilimjibu hivyohivyo, na aliniamini kama alivyoniamini siku ile.

Aliishi hivyo miaka kadhaa. Alipofariki, yule Mnyamwezi wa kizuizini alikuja msibani, amezeeka, na kwa desturi yetu mtani ndiye mwenye msiba. Alizuia jeneza mpaka apewe debe lake la asali. Alivaa koti la marehemu. Akamtania shemeji kwamba sasa yeye ndiye mume. Watu waliokuwa wamelia tangu asubuhi walicheka mpaka wakajishika mbavu.

Kisha akavuta kiti, akakaa katikati ya uwanja akiwa na lile koti. Akanyoosha mikono kama ameshika usukani, akaanza kukanyaga ardhi kwa mguu wa kulia, polepole, na uso wake ukawa uso wa kaka kabisa, ule uso wa mtu anayengoja kuambiwa.

"Zimewaka?" akauliza.

Uwanja wote ukanigeukia. Mtani akiuliza hajibiwi kwa hasira wala kwa machozi. Nikainuka kwenye mkeka, nikapita katikati ya watu, nikaenda kusimama nyuma ya kile kiti.

"Zimewaka," nikasema.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Yeye akaendelea kukanyaga.